Lango la Saint-Valery

Jumanne ya Februari, juu ya duka la kamba na rangi,
chumba cha klabu kinanuka dizeli na mkate wa jana.
Mvua ya Newhaven inagonga dirisha
kama mwanachama aliyefukuzwa kwa kutolipa ada.
Mimi ni katibu wa maegesho. Maana yake
namwandikia barua Mfaransa nisiyemjua
nikimwomba nafasi nane kwa mashua kumi na moja.

Ramani ya Mlango-Bahari nimeitandaza mezani,
pembe zake nimezikandamiza kwa vikombe.
Penfold anataka maji mafu, mwanzo wa Mei:
"Mkondo mpole, chai haimwagiki."
Namwonyesha kitabu cha majira ya maji.
Maji yakiwa mafu, bandari ile hujaa alfajiri na jioni,
na lango lake, bwana, halijui Jumamosi.
Hufunguka maji yakipanda, hufungwa yakishuka;
aliyechelewa hubaki nje akiyumba, akitapika,
hadi giza.

Basi bamvua, nikasema. Bamvua hujaa mchana.
Mkondo utakuwa mkali, lakini mkondo ni mkopo:
saa sita unakusukuma mashariki,
saa sita unakudai urudi magharibi.
Ukishika usukani bila kubishana nao
njia yako kwenye ramani itajipinda kama nyoka aliyeshiba
na bado utafika.

"Na saa ya Ufaransa msiisahau," akasema Akehurst,
ambaye mwaka juzi aliisahau,
akalala na biskuti nje ya ukuta wa bandari
akitazama taa za mgahawa alikokuwa ameweka meza.

Tukacheka. Tukahesabu mafuta. Tukagombania mafuta.
Tuppen, mwenye injini mbili, na miwani ya jua hata Februari,
akasema yeye huvuka kwa saa tatu na kahawa moja,
hataburutwa na msafara wa konokono.
Hakutaja jina. Sote tukatazama vikombe.

Edwina Botting alikuwa akifuma karibu na hita.
Mashua yake, Marguerite, ni mashua ya Len,
na Len tulimzika Oktoba.
Maili saba kwa saa, upepo ukiwa kisogoni.
Safari ni maili sitini. Hesabu hiyo nilikwisha kuipiga
nyumbani, kwa penseli, mara tatu,
nikidhani labda kugawanya kutamwonea huruma.

"Nitang'oa nanga saa tisa usiku," akasema,
macho kwenye sindano. "Mkinipita katikati, nipungieni."

Hita ikakohoa.
Tuppen akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Bado inavuja pale kwenye mhimili wa rafadha?"
"Inavuja."
"Nilimwambia Len kuhusu ile gasketi."
"Len aliambiwa mengi."
"Utahitaji mtu wa kupiga pampu."
Akatazama mvua kwa muda.
"Mimi silali siku hizi, hata hivyo."

Penfold akajifanya anatafuta sukari.

Nikachukua ufutio. Katika barua ya Mfaransa
kumi na moja ikawa kumi. Bado mbili zimezidi;
hizo tutazifunga ubavuni mwa wenzao,
atakayetaka kushuka nchi kavu usiku
atapita juu ya sitaha ya jirani, viatu mkononi.
Kisha kwenye ratiba: Marguerite, saa tisa usiku,
watu wawili.
Yote kwa penseli. Maji peke yake
yamepigwa chapa kwa wino, ya mwaka mzima,
dakika kwa dakika, hata siku ambazo hatutatoka.

Nilibaki kuosha vikombe.
Hita nilipoizima nikawasikia wakishuka ngazi,
yeye akimuuliza chai yake huinywa vipi,
maana kuna birika moja tu, na mpini wake umelegea.